Maganda Yanayookotwa Kama Mayai

Mama mmoja wa darasa letu la kisomo alikuja siku moja na barua mkononi. Ilitoka kwa mwanawe aliye Marekani, katika jimbo la Texas. Zamani mama huyu alikuwa anasomewa barua na watoto wa shule. Safari hii aliisoma mwenyewe, neno kwa neno. Alipofika katikati akanyamaza. Barua ilisema hivi: "Mama, nimepata kazi katika uwanja wa shabaha. Kazi yangu ni kuokota maganda ya risasi na kuyachagua. Bunduki zinazojipakia zenyewe ndizo zinatusumbua, maana zinayaponda."

Mama akainua uso. "Walimu, mwanangu yuko vitani?"

Tulimwambia hapana. Uwanja wa shabaha ni mahali ambapo watu hulenga karatasi au vibao, wengine kwa mchezo, wengine kwa kujizoeza kabla ya kwenda kuwinda. Lakini mama hakuridhika. "Kama ni mchezo, kwa nini watu wenye fedha wainame kuokota vyuma vilivyokwisha kazi? Na vikipondeka, nani anaumia?"

Darasa zima likatutazama. Jibu la kutosha hatukuwa nalo. Tukaahidi kutafuta, na haya ndiyo tuliyoyapata.

GANDA NI NINI?

Watu wengi wakisema "risasi" wana maana ya kitu kizima kinachotiwa katika bunduki. Kitu hicho kina sehemu nne. Mbele kuna kichwa, ndicho kinachoruka na kupiga. Nyuma ya kichwa kuna baruti. Chini kabisa, katikati ya kitako, kuna fataki, yaani kikombe kidogo chenye dawa inayowaka ikigongwa. Sehemu ya nne ni ganda, ambalo hushika hizo nyingine tatu pamoja.

Wenye kujua gobole wataelewa upesi. Katika gobole, baruti na gololi hutiwa kwa mdomo wa mtutu, kimoja baada ya kingine, na fataki huwekwa nyuma. Risasi ya kisasa ni kama shindo moja la gobole lililofungashwa tayari.

Bunduki ikishalia, baruti imeungua, kichwa kimekwenda zake, fataki imekufa. Limebaki ganda. Nalo ganda, ndugu msomaji, ndilo lenye gharama kubwa kuliko sehemu nyingine zote. Ganda zuri hutengenezwa kwa shaba ya njano. Katika kila sehemu 100 za shaba hiyo, 70 ni shaba nyekundu na 30 ni zinki. Mtu akilitupa baada ya mlio mmoja, ni sawa na kununua soda kila siku na kuvunja chupa.

Kwa hiyo mlenga shabaha wa Marekani hulirudisha ganda nyumbani. Ana mashine ndogo mezani. Hutoa fataki iliyokufa, hulirudisha ganda katika umbo lake, kisha hulijaza upya. Sheria ya nchi yake inamruhusu kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Hapa Tanzania mambo ni tofauti. Silaha na risasi zinatawaliwa na sheria ya mwaka 2015, na mtu hawezi kujitengenezea risasi nyumbani kwa hiari yake. Hatuandiki basi ili mtu ajaribu. Na tukumbushane jambo moja hapa hapa. Ukiokota risasi ambayo kichwa chake bado kipo, hilo si ganda. Hiyo ni risasi nzima. Usiigonge, usiitie motoni, usimpe mtoto aichezee. Iache palepale, umwambie mtendaji wa kijiji au polisi.

KAZI NGUMU YA SEKUNDE MOJA, TENA CHINI YA HAPO

Tuangalie ganda linafanya kazi gani. Tairi la lori hujazwa upepo kiasi cha pauni 100 hivi kwa kila inchi ya mraba. Wengi wetu tumesikia linavyolia likipasuka. Sasa, ndani ya bunduki kubwa ya kijeshi, baruti inapoungua, msukumo hufikia karibu pauni 60,000 kwa kila inchi ya mraba. Ni kama matairi 600 ya lori yamesukuma kwa pamoja, na uso wa mpigaji uko karibu sana na hapo!

Kinachomlinda ni chuma cha bunduki pamoja na ganda. Baruti ikiungua, ganda hutanuka na kukaza ukutani mwa chemba, yaani kile chumba kilicho nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa. Likishakaza, gesi ya moto haipati njia ya kurudi nyuma. Gesi ikiisha nguvu, shaba hunywea kidogo, ganda likalegea na kuweza kutolewa. Shaba ya njano inajua kutanuka na kunywea hivyo, ndiyo maana wamekaa nayo miaka mingi.

Lakini haifanyi hivyo milele. Fundi wa sufuria anajua kwamba shaba ukiigonga sana inakuwa ngumu, na ukiendelea kuigonga inapasuka. Ganda nalo ni vivyo hivyo. Kila mlio na kila kubanwa mashinani huongeza ugumu. Kwanza hupasuka mdomoni, ufa mdogo kama wa chungu. Wengine huchelewesha ufa huo kwa kupasha moto mdomo wa ganda ili shaba ilainike tena. Ni mdomo tu. Kitako hakiguswi na moto, kwa sababu kitako kikilainika hakitaweza kuzuia zile pauni 60,000.

Hapo ndipo tunapata jibu la swali la mama: nani anaumia? Ganda lililochoka au lililojeruhiwa likijazwa na kupigwa tena, linaweza kukatika ndani ya bunduki. Gesi hurudi nyuma na vipande vya chuma. Macho na vidole ndivyo vinavyolipa.

MKONO UNAVUTA POLEPOLE, BARUTI HAINA SUBIRA

Kuna bunduki ambayo mpigaji huifungua mwenyewe kwa mkono baada ya kila mlio. Anainua kishikio, anavuta bolti nyuma, ganda linadondoka karibu na miguu yake. Kama anataka, analidaka kabisa. Ganda la bunduki ya namna hii huishi maisha ya starehe.

Bunduki inayojipakia yenyewe haimngoji mtu. Inatumia nguvu ya mlio wenyewe. Katika aina nyingi, mtutu una tundu dogo. Gesi kidogo hupita hapo, ikasukuma chuma, na chuma kikasukuma bolti nyuma. Bolti ina ukucha unaoshika ukingo wa kitako cha ganda. Ganda linavutwa, linatupwa nje kwa dirisha la ubavuni, kisha springi inarudisha bolti mbele pamoja na risasi mpya. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho. Jeshi la Marekani lilikubali bunduki ya namna hii kwa askari wake mwaka 1936, ile iliyobuniwa na John Garand, mzaliwa wa Kanada.

Askari hana haja ya kujali ganda linaangukia wapi. Anataka bunduki isikwame kwenye matope wala vumbi. Kwa hiyo wabunifu waliipa bolti nguvu nyingi kupita mahitaji ya siku ya kawaida. Nguvu hiyo iliyozidi ndiyo inayoliumiza ganda. Kijana wa Texas hakusema uongo: bunduki hizi zilitengenezwa kwa ajili ya watu wasioinama kuokota.

JERAHA LA KWANZA: KUVUTWA KABLA YA WAKATI

Tulisema ganda hukaza ukutani, kisha hunywea. Sasa gesi ikiwa nyingi mno, bolti hukimbilia nyuma wakati ganda bado limekaza. Ukucha unavuta, ganda halitaki. Ukingo wa kitako unapinda, au unameguka kabisa. Wakati mwingine kitako hubaki na mkwaruzo unaong'aa, kama kimepakwa shaba kwa kidole.

Dawa yake ni kupunguza haraka ya bolti. Bunduki ya FAL ya Ubelgiji ina kidude cha kuzungusha ambacho huongeza au hupunguza gesi. Ndugu yake ni ile ambayo Waingereza walianza kuitumia katika miaka ya 1950, na wazee waliopita majeshini wanaikumbuka kwa jina la SLR. Mlenga shabaha mwenye subira huanza na gesi ndogo, halafu huongeza kidogo kidogo mpaka bunduki itupe ganda na kukaa wazi kila mara bila kusita. Kisha huongeza kidogo tena kwa ajili ya vumbi na baridi, halafu anaacha hapo. Bunduki nyingine hazina kidude hicho. Kwa mfano, Mini-14 ya kampuni ya Ruger ina sifa ya kurusha maganda mbali sana, mpaka jirani anageuka kutazama. Wenye bunduki hiyo hubadilisha kijibomba kinachopitisha gesi, wakaweka chenye tundu dogo zaidi. Katika bunduki za jamii ya AR-15, wengine huweka springi ngumu zaidi au uzito mkubwa nyuma ya bolti, ili ichelewe kufunguka. Ni kuchelewa kwa muda mfupi ajabu, lakini ganda linapata nafasi ya kunywea.

Tahadhari yao ni kwamba gesi ikipunguzwa mno, bunduki inakwama. Basi ni kama kutia chumvi kwenye mboga.

JERAHA LA PILI: DIRISHANI

Hili ndilo jeraha lililomsumbua zaidi kijana wetu, na hapa bunduki moja inastahili kutajwa kwa jina. Ni G3 ya Ujerumani. Wasomaji walio karibu na mpaka wa kaskazini pengine wameiona, kwa maana askari wa Kenya wameibeba miaka mingi. Ujerumani Magharibi iliichagua mwaka 1959, baada ya kazi iliyoanzia Hispania. Kiwanda chake, Heckler & Koch, kilitengeneza pia ile ya raia isiyopiga mfululizo, HK91, nayo iliuzwa Marekani mpaka serikali ya huko ilipozuia kuingizwa kwa bunduki za namna hiyo mwaka 1989. Zilizokuwa zimeshaingia bado zipo mikononi mwa watu.

G3 haina tundu la gesi mtutuni. Bolti yake huzuiwa kwa muda na vigololi viwili vya chuma, kisha husukumwa nyuma na ganda lenyewe. Hufunguka mapema, wakati bado kuna nguvu nyingi ndani. Ili ganda lisigande ukutani, wabunifu walichimba mifereji midogo ndani ya chemba. Gesi hupita katika mifereji hiyo na kulizunguka ganda kwa nje, likawa linaelea. Ganda hutoka na michirizi myeusi mwilini kama punda milia. Ukiokota ganda lenye michirizi hiyo, umeshajua lilitoka katika bunduki ya jamii gani. Michirizi yenyewe si hatari kubwa, ni kama chale.

Hatari ni kinachofuata. Ganda hutoka kwa kasi, likajigonga kwenye ukingo wa nyuma wa dirisha, kisha likaruka mbele mbali sana. Hapo ukingoni ndipo tumbo linapobonyea. Mara nyingine bonyeo ni dogo, na ganda likijazwa na kupigwa tena linajinyoosha lenyewe. Mara nyingine linakunjika kama kopo lililokanyagwa. Lenye kunjo kali halinyooshwi, kwa sababu shaba pale imeshavunjika moyo ndani.

Dawa iliyopatikana ni nyepesi ajabu. Ni kipande cha kinga kinachofungwa nyuma ya dirisha, chenye uso laini wa mpira au plastiki. Ganda linajigonga pale badala ya kujigonga kwenye chuma, kasi inapungua, na linaangukia karibu. Kwa kuitazama tu hutasema ni kitu cha maana, lakini mwenye G3 anayejaza maganda yake huitafuta kinga hiyo kabla ya mapambo mengine yote.

Katika bunduki za AR-15, nyuma ya dirisha kuna nundu ya chuma. Jeshi la Marekani liliiweka katika M16A2 ya miaka ya 1980, ili ganda lisimpige usoni askari anayetumia mkono wa kushoto. Iliokoa uso, lakini ganda likapata mahali pengine pa kujigonga. Wanaojaza hubandika hapo kipande cha kitambaa chenye manyoya au mpira mwembamba. Wengine huning'iniza mfuko wa wavu pembeni mwa dirisha, ganda likaingia humo moja kwa moja. Mfuko una kasoro yake. Ukikaa vibaya, ganda hurudi dirishani na bunduki inakwama. Ukijaa, vivyo hivyo. Na maganda ni ya moto, kwa hiyo mfuko wa nailoni hafifu utatoboka.

JERAHA LA TATU: ARDHINI

Hapa hatuna maneno mengi. Ganda likianguka kwenye saruji mdomo unapinda. Likianguka kwenye majani linapotea, au linakanyagwa. Likianguka kwenye mchanga linabeba chembe ambazo baadaye zitakwaruza mashine ya mezani. Dawa ni turubai. Walenga shabaha hutandika turubai upande wa kulia, kama wanavyofanya akina mama wakati wa kupura maharage. Mdomo uliopinda kidogo hunyooshwa. Uliopasuka hutupwa.

JERAHA LISILOONEKANA

Majeraha tuliyoyataja yanaonekana kwa macho. Liko moja linalojificha, na kwa maoni yetu hilo ndilo la kuogopwa zaidi. Kila mlio hulivuta ganda kwa urefu. Katika bunduki inayojipakia kuvutwa huku mara nyingi ni kwingi kuliko katika ile ya mkono, kwa sababu chemba huachwa na nafasi kidogo ili risasi iingie bila kukwama. Shaba ya kujirefusha inatoka wapi? Inatoka ukutani mwa ganda, karibu na kitako. Ukuta pale unakuwa mwembamba kwa ndani, huku nje ganda linaonekana zima na linang'aa.

Wazoefu huchukua waya mwembamba, wakaupinda ncha kama kikulabu, wakauingiza ndani ya ganda tupu na kuupitisha ukutani kutoka chini kwenda juu. Ncha ikijikwaa kwenye mfereji karibu na kitako, ganda hilo limekufa. Wakati mwingine kwa nje huonekana duara linalong'aa mahali hapo hapo. Likijazwa tena, litakatika vipande viwili. Hakuna kinga ya mpira wala turubai inayotibu jeraha hili, ila kuhesabu ganda limepigwa mara ngapi, na kulitupa mapema.

HARUFU YA ZIZI

Tulipokuwa tunatafuta habari hizi tulikuta kisa ambacho wafugaji watakipenda. Zamani, katika karne ya 19, jeshi la Waingereza huko India liliona ajabu. Maganda mazima, ambayo hayajapigwa hata mara moja, yalikuwa yanapasuka yenyewe ghalani wakati wa masika. Ilikuja kujulikana kwamba risasi hizo zilihifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Mkojo wa wanyama hutoa amonia, ile harufu kali inayochoma pua ukiingia zizini asubuhi. Amonia pamoja na unyevu hushambulia shaba ya njano iliyokazwa, ikapata nyufa. Wataalamu wa Uingereza walieleza sababu yake mwaka 1921. Mpaka leo, mwenye kuosha maganda huambiwa asitumie dawa ya kung'arisha yenye amonia. Ganda litapendeza, lakini limeanza kuoza.

Tuliposoma habari hizi darasani, mzee mmoja alitoa mfukoni ganda ambalo amelikalia miaka mingi, amelitia kwenye mpini wa kisu chake. Akataka kujua kama Texas wangelinunua. Tukaleta sumaku kutoka kwenye spika mbovu ya redio. Ikalinasa papo hapo. Shaba hainaswi na sumaku, kwa hiyo hilo lilikuwa la chuma, lililopakwa rangi tu. Risasi nyingi za bunduki za jamii ya AK zina maganda ya chuma, na ndani ya kitako mara nyingi kuna vitundu viwili badala ya kimoja, hata kutoa fataki kwa pini ya kawaida haiwezekani. Maganda ya aina hiyo walenga shabaha huyaacha palepale. Mzee alicheka, akarudisha kisu chake kiunoni.

Mama naye aliomba karatasi. Aliandika jibu mwenyewe, mistari sita, akikaza kalamu mpaka karatasi ikatoboka mahali pamoja. Hakuuliza habari za G3 wala za turubai. Aliuliza hivi: "Hao wanaokuzunguka wanapiga maganda ya mara ya ngapi? Na wewe, mwanangu, unavaa miwani?"